Pagazi Aliyeuliza Kama Ni Mbali

Wewe cheka tu. Hata niliosoma nao walicheka hivyohivyo, lakini mimi ndiye niliyeushika ule mzigo kwa mikono yangu, mchana kweupe, nje kidogo ya Tabora, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa mseminari, na Kilatini kilikuwa kinanitoa roho. Padri wetu alitupa kisa cha siku za mwisho za Warumi: marehemu mmoja, mchukuzi wa mizigo, amesimama njiani na mzigo wake, anamwuliza kila mpita njia kama mji uko mbali. Wote wanamwambia ni mbali, kama ulivyokuwa kweli, naye haondoki. Kikongwe mmoja anamwambia ni karibu, na marehemu anapumzika. Halafu mwandishi anamsifu kikongwe kwamba ndiye pekee aliyesema kweli! Kweli gani hiyo? Maneno yote niliyajua, maana ndiyo iliyonipiga chenga. Padri alinipa hadi jioni. Nikishindwa kueleza, nifunge virago nirudi kwa mama, ambaye alishatangazia kijiji kizima kwamba amezaa padri.

Nikatoka kutembea kwenye njia ya zamani ya misafara, jua la utosi, nimewakasirikia Warumi wote. Mbele yangu akatokea pagazi, mzigo begani umeviringishwa ngozi. Tangu reli ifike, nani alikuwa bado anabeba hivyo? Vumbi lilimjaa hadi kwenye kope. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Badala ya marahaba, akauliza:

"Mwanangu, Unyanyembe bado mbali?"

Niamini, nywele zilinisimama. Unyanyembe ndiyo Tabora yenyewe, hapohapo aliposimama! Nikatazama nyuma yake. Mchanga haukuwa na unyayo hata mmoja.

Nikataka kukimbia. Mdomo ukajisemea wenyewe jibu tunalompa kila msafiri huku kwetu, hata kama atatembea mpaka kuche: "Hapo tu, baba. Umeshafika. Pole na safari."

"Basi nitue," akasema.

Nikamtua. Uzito gani ule! Ulinivuta bega mpaka nikapiga kelele. Ulipogusa ardhi, mzee akashusha pumzi ndefu, na mara hapakuwa na mtu wala mzigo. Nikakaa palepale mchangani, nikacheka huku machozi yananitoka. Hofu yote ilikuwa imeniisha.

Jioni nikamwambia padri: yule marehemu alikuwa anaomba ruhusa ya kutua. Waliomwambia habari za umbali hawakumjibu alichouliza. Kikongwe alimjibu. Padri akavua miwani.

"Kalale," akasema. "Virago viache."

Jamani, usingizi wa siku ile sijaupata tena.

Bega hili la kulia halijapona mpaka leo. Baridi ikija linaniamsha, wala silalamiki. Nawe ukipita njia ile ukaulizwa kama ni mbali, usijifanye mjuzi wa maili. Mwambie amefika. Kisha jikaze umtue, kwa sababu peke yake hawezi.