Babu Yangu wa Virginia

Nichekeni, nimestahili. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Malvern, kusini mwa Afrika, jina langu Wilson. Mwezi uliopita niliona mtandaoni kumbukumbu za kale za Marekani, na humo mna Wilson mmoja, fundi cherehani wa Virginia, enzi za ukoloni wa Waingereza. Jina langu, kazi yangu! Basi ni babu. Nikachapisha ukurasa, nikautia fremu, nikaanza kulalamikia jua la Afrika kama mgeni aliyeshuka jana.

Jumamosi tukaenda mtaa wa Berea kumposa mchumba wangu Furaha. Nikawakabidhi wakwe fremu. Baba Furaha akavaa miwani, akasoma, akaniita "mwana wa ukoo." Kisha tukampigia mama yangu kwetu Bukavu awasalimie, simu ikiwa kwenye spika. Mzee akamuuliza habari za babu Wilson.

"Babu gani?" mama akashangaa. "Wilson ni dereva wa lori aliyenifikisha hospitali nikiwa na uchungu. Tukampa mtoto jina lake kwa shukrani. Kwani kwetu jina ni la ukoo? Kaka yake si anaitwa Bahati?"

Baba Furaha akavua miwani, akanirudishia fremu.

"Eish, mwanangu," akasema. "Ungetuletea basi picha ya lori."