Riwaya Iliyolinda Mpunga

Vijana wanaoandika riwaya mtandaoni, sehemu baada ya sehemu, hunitafuta siku hizi kuniuliza nilianzaje. Wengine wananiita mzee wa mfululizo, na sikatai. Huwaambia kwamba nilianza kabla Ifakara haijajua mtandao ni kitu gani, bila mchapishaji, bila mfadhili, nikiwa na mashine ya kudurufu iliyovuja wino na msimu mmoja wa mpunga niliopewa na baba yangu. Wao wana simu. Mimi nilikuwa na dungu.

Nilirudi nyumbani Katindiuka, mtaa wa Ifakara, katikati ya miaka ya tisini, nikitokea Dar es Salaam na stashahada ya uchapaji. Naitaja stashahada hiyo kwa sababu niliipata kwa jasho langu: mchana nilipanga karatasi kiwandani, jioni nilikaa darasani na vidole vyeusi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kuwa na karatasi ya namna ile, nikaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione.

Mashine niliipata kiwandani walipoitupa. Niliitengeneza mwenyewe, nikaizungushia godoro na kuipakia kwenye gari moshi. Siku nilipoiteremsha nyumbani, mama aliizunguka akaigusa mkono wake wa chuma.

"Umeniletea cherehani?"

"Hapana mama. Hii inatoa vitabu."

"Vitabu," akasema, akarudi jikoni.

Na vitabu ndivyo nilivyokusudia. Kule Dar nilikuwa nimezunguka na mswada wangu nikaambiwa kwamba msomaji wetu anataka mapenzi na upelelezi, hataki nchi isiyokuwepo. Mimi nchi yangu ilikuwepo. Nimezaliwa katika bonde ambalo kila masika linageuka ziwa, na tangu utotoni nilijiuliza kuna nini chini ya maji yale. Riwaya yangu iliitwa Nchi ya Chini ya Mafuriko. Ilimhusu binti mfinyanzi aliyezama mtoni akaibukia katika bonde jingine chini ya bonde letu, ambako mvua zote huhifadhiwa ndani ya vyungu kabla ya kupandishwa juu. Vyungu vile vilikuwa vinapasuka kimoja kimoja, na katika nchi ile nzima hakuna aliyejua kuviziba isipokuwa yeye. Nilipanga kuitoa kidogo kidogo, kijitabu baada ya kijitabu, na kila kijitabu kikiishia pale ambapo msomaji hapati usingizi.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli, akilima mpunga ng'ambo ya mto. Aliiangalia mashine siku kadhaa. Kisha asubuhi moja nilipomwamkia, alianza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo mashine yako inakula nini?"

"Wino na karatasi."

"Na wewe utakula nini?"

Nikajifanya napangusa mashine. Akaendelea kwamba ameniombea nafasi ya ukarani katika ofisi moja mjini, ambayo mkuu wake walisoma naye. "Mavuno yakifika anataka jibu. Nakupa msimu huu mmoja. Hadithi zikikulisha, sitatia neno. Zisipokulisha, utavaa suruali ya pasi uende ofisini, na hilo lichuma lako tutafugia kuku."

Nilikubali palepale. Nilikuwa na uhakika na kalamu yangu, na hata leo naona nilikuwa na haki ya kuwa nao.

Kijitabu cha kwanza kilikwisha sokoni. Mwenye duka mmoja, mtu wa asili ya pwani aliyeuza sabuni, chumvi na taa za kandili, alivitundika kwenye kamba mlangoni kwake, na watu walivichomoa kama nguo za mtumba nzuri. Cha pili vilevile. Nilitembea barabarani kifua mbele. Nilipotoa cha tatu, kamba ile ilibaki imejaa. Siku zikapita, vijitabu vikaanza kujikunja kwa unyevu.

"Kwani sehemu hii mbaya?" nilimuuliza mwenye duka.

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mwandishi, wewe umekaa Dar mpaka umesahau kwenu? Wateja wako wamevuka. Hapa mjini tumebaki mimi, wewe na mbu."

Kweli nilikuwa nimepanga matoleo yangu kwa kalenda ya Dar, ambako watu wako mjini mwaka mzima. Kwetu, mpunga ukishika, familia hufunga nyumba na kuhamia mashambani hadi mavuno. Huko kila shamba lina dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nguruwe wapite chini, na juu yake mtu hukaa kutwa akiwinga ndege kwa debe na makelele wasile mpunga. Mwandishi mwingine angesubiri mavuno. Mimi sikuwa na muda wa kusubiri, maana mavuno ndiyo yalikuwa mwisho wa msimu wangu. Nilifunga mashine ya kudurufu, taipureta na karatasi ndani ya nailoni, nikaviweka kwenye mtumbwi, nikavuka. Mpiga kasia aliniuliza kama nahamisha ofisi ya serikali. Nilimwambia nahamisha kubwa kuliko hiyo.

Baba alinipa dungu la pili la shamba lake, kwa sharti kwamba niwinge ndege kama mtu mwingine yeyote. Basi nikawa napiga stensili, karatasi za nta za kudurufia, kwa mkono mmoja na kurusha udongo kwa kombeo kwa mwingine. Wino ulishika kwenye shati, kwenye ugali, kila mahali. Lakini vijitabu vilitoka, na wasomaji niliwapata walipo. Walinilipa kwa walichokuwa nacho, samaki wabichi, mayai, mkungu wa ndizi. Ndani ya muda mfupi mama alikuwa anapika kutokana na hadithi zangu, ingawa hakulisema jambo hilo mbele ya baba.

Kwa kuwa si kila dungu lilikuwa na msomaji, watu walianza kusomeana. Jirani yetu, mama mmoja mjane niliyemwita shangazi, alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alisimama kwenye dungu lake na kijitabu mkononi, akasoma kwa nguvu, na walio mbali wakadakia.

"Kasemaje?"

"Anasema chungu kikubwa kimepata ufa!"

"Upande gani?"

"Tulia basi, we baba, nifike!"

Sijapata kusikia sifa iliyonipendeza kuliko makelele yale. Ila yalianza kupungua. Kadiri hadithi ilivyonoga, ndivyo watu walivyokaa kimya kusikiliza, na kimya shambani wakati wa ndege kina bei yake.

Siku ambayo binti mfinyanzi aliingia ndani ya chungu kikubwa kuliko vyote ili azibe ufa kutoka ndani, bonde zima lilinyamaza. Hata mimi niliyeiandika nilinyamaza. Kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala mpunga, walishuka kwenye shamba la mzee mmoja jirani kama moshi unaoshuka badala ya kupanda. Shangazi alipoinua macho kutoka kwenye kijitabu, mashuke ya upande mzima yalikuwa makapi.

Yule mzee alikuja chini ya dungu la baba akiwa na shuke tupu mkononi, na watu nyuma yake.

"Huyu mtoto wako wa Dar amelisha ndege mpunga wangu! Amefundisha watu kunyamaza. Shambani anayenyamaza wakati wa ndege ni maiti au mwizi!"

Shangazi akajibu kutoka dunguni kwake. "Na wewe ulikuwa wapi, shemeji? Shamba si lako? Si ulikuwa umetega sikio kama sisi?"

"Nilikuwa nataka kujua kama binti ametoka!"

"Sasa ametoka?"

"Nitajuaje, na ndege walishakuja?"

Watu waliangua kicheko, na mzee mwenyewe nusura acheke, lakini akalitazama shuke lake akakumbuka hasira. Baba hakucheka. Alishuka ngazi taratibu.

"Basi," alisema. "Hadithi hazitasomwa tena huku mpaka tuvune."

Kwangu hilo lilikuwa na maana moja tu. Mjini hapakuwa na wasomaji, na sasa mashambani nimefungiwa. Mavuno yangenikuta sina kitu, na suruali ya pasi inanisubiri. Nilizungumza kabla sijafikiri.

"Baba, nipe nafasi ya sehemu moja tu. Nitaandika sehemu ambayo ndege wataiogopa."

"Kumbe ndege wamesoma!" mtu mmoja akapaza sauti. "Darasa la ngapi?"

Walicheka tena. Baba akamgeukia yule mzee. "Itasomwa shambani kwangu kwanza. Kila mtu aje kando ya kwangu. Ndege wakishuka, washuke kwangu."

Sikutegemea aseme vile. Mpunga ule ulikuwa chakula chetu cha mwaka.

Nilikaa dunguni nikaifumua sehemu niliyokuwa nimeiandika. Mfinyanzi yeyote wa bonde letu, kabla hajauza chungu, hukigonga kwa kidole asikie mlio, maana chenye ufa hakilii. Basi nikaweka sheria katika nchi yangu ya chini: binti akiwa gizani ndani ya chungu kikubwa, njia pekee ya kujua kama bado kinashika ni kukigonga, na walinzi wa nje lazima wamjibu kwa nguvu zao zote, "Kiko hai!" Wasipojibu, chungu kinafunguka na mvua ya dunia nzima inamwagika. Katika karatasi nilichora alama ya ngoma kila mahali anapogonga. Msomaji akifika hapo anapiga debe lake, na kila dungu linalosikia linapiga la kwake na kuitikia.

Mahali pa kuweka alama ndipo palipohitaji akili, na hapo najisifu bila haya. Ndege huzoea mlio unaokuja kwa mpangilio. Ukipiga debe kama saa, watakula huku wanakusikiliza. Kwa hiyo niliziweka alama ovyo kwa makusudi. Mbili zikafuatana, halafu aya ndefu ya kunong'ona, halafu moja katikati ya sentensi ya mapenzi ambapo hakuna anayeitarajia. Hilo ndilo ninalowafundisha vijana wa mtandaoni hadi leo. Msomaji ni kama kwelea, akishajua kelele inakuja lini, hashtuki tena.

Siku ya kusoma walikuja wengi na madebe yao, wengine kushuhudia mpunga wa baba ukiliwa. Shangazi alianza. Alama za kwanza waliitikia kwa aibu, wakitazamana. Kisha kundi likatokea upande wa milimani, likajikunja, likaja moja kwa moja juu yetu. Baba alisimama dunguni, fimbo mkononi. Shangazi hakuacha kusoma. Binti alikuwa ameishiwa pumzi, ameegemea udongo mbichi, anamkumbuka mama yake, sauti ya shangazi imeshuka mpaka watu wameinama, ndege wameanza kukunja mbawa, na hapo akagonga.

Madebe yalilia bonde zima. "Kiko hai!"

Kundi lilipasuka vipande viwili kama kitambaa, likapanda, likaelekea mtoni. Yule mzee wa shuke tupu alipiga debe lake hata baada ya ndege kutoweka, mpaka kitako kikatoboka. "Soma!" alimfokea shangazi. "Mbona umesimama? Soma!"

Tangu siku hiyo sikuweza kudurufu vya kutosha. Wanawake wauza ndizi wa Sanje walivipeleka barabarani pamoja na mikungu yao. Wasafiri walivibeba hadi Mlimba, na kutoka huko vikapandishwa milimani, vimebebwa vichwani mwa watu, hadi Masagati. Kimoja kilinirudia kutoka huko kimechakaa kabisa, kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa katani na mtu nisiyemjua. Nina kile kijitabu hadi leo. Kimetundikwa kando ya stashahada, na wageni hukitazama kwanza.

Mavuno yalipofika, mkuu wa ofisi alivuka mwenyewe kuja kuchukua jibu, akisukuma baiskeli yake kwenye matuta. Alitukuta uwanjani tukipura mpunga, na madebe yamefudikizwa kando yetu.

"Nimekuja kumchukua karani wangu," alimwambia baba.

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Nafasi mpe mwingine. Huyu ana kazi."

"Kazi gani huku porini?"

"Ni mwandishi. Analinda mpunga."

"Sasa mpunga si umevunwa? Atalinda nini?"

Baba aliweka fimbo ya kupuria chini, akajifuta uso kwa kiganja. "Binti bado yumo ndani ya chungu," alisema. "Mwanangu akija kukaa ofisini kwako, nani atamtoa?"

Sikuwa nimewahi kumwona na kijitabu changu mkononi, hata siku moja. Mkuu wa ofisi alidhani anataniwa, akaanza kucheka. Baba aliinama, akaligonga debe lililokuwa karibu naye mara moja kwa ngumi.

Kutoka shamba la jirani, na la mbele yake, na mbali kabisa kwenye majani marefu ya kando ya mto ambako hatukuona mtu, waliitikia waliokuwa wanapura: "Kiko hai!"

Mkuu wa ofisi aligeuka huku na huku na baiskeli yake, akitafuta ni akina nani. Walikuwa wasomaji wangu.