Mikono Iliyonuka Makumbi

Juzi nilipita ufuo wa Kinondo nikakuta shimo alilotumia nyanya yangu, mama wa mamangu au babangu kwa wasiojua, limefukiwa. Wanajenga hoteli. Nilisimama nikavuta pumzi, lakini harufu yake ya uozo haikuwapo. Pengine wewe ungefurahi, mimi niliudhika.

Nyanya alikuwa akisokota kamba. Makumbi, yale maganda ya nazi, aliyafukia katika matope maji yakipwa, akayagandamiza kwa mawe, akasema, "Nimekuachia, Bwana," akaenda zake. Yalikaa humo miezi mingi yakioza na kulainika, bila mlinzi. Akiyafukua yalinuka kama yai viza, naye aliyaponda kwa rungu, po, po, po, mpaka nyuzi ziachane.

Wavuvi walimtania. "Shikamoo, nyanya! Unamzika nani leo?"

"Marahaba. Nauzika uvivu wako. Lete jembe, ni mkubwa."

Harufu ile haikutoka mikononi. Jumapili moja, mwaka ule wa bendera mpya, kanisa letu lilingojea wageni wakubwa. Mimi, niliyeona haya hata kuitwa jina darasani, niliamka mapema nikamsugua mikono kwa ndimu na majivu. Ikanuka makumbi na ndimu.

Mlangoni mzee wa kanisa alimvuta kando. "Mama, leo kaa barazani. Wageni hawajazoea. Tena sasa tuko huru, kazi hiyo ya kitumwa uiache."

"Kitanda chako, mzee, kimewambwa kwa kamba ya nani?"

Mzee akatazama nyuma kama kuna aliyesikia.

"Basi unalala juu ya harufu yangu. Nipishe."

Akaingia, akaketi benchi la mbele. Waliokuwapo wakainuka mmoja mmoja, wakahamia kwingine. Wanafunzi wenzangu walikuwa nyuma, wakicheka, wakinipungia mkono niende kwao. Sikwenda. Nikapita katikati, kanisa zima likinitazama, nikaketi ubavuni mwake na kuushika mkono wake. Hakugeuka. Alikuwa amekwisha kufumba macho, anasali.

Sasa nyanya hayuko. Kamba ni za nailoni, na mlio wa rungu ufuoni sijausikia tena. Watoto hawajui kumbi hufukiwa kwa nini.

Wazee wetu hupenda kusimulia kwamba siku zile kanisani tulipendana sote, tajiri na maskini. Mimi si msemaji, ndiyo maana naandika, polepole. Hayo ya wazee si kweli. Nilikuwapo. Benchi lile lilichukua watu wanane, nasi tulikaa wawili.