Kidole Changu Kati ya Bogota na Buenos Aires

Jamani, hapa Alby ughaibuni sina tena pa kuuficha uso. Mama Neema aliniuliza ndege ya bintiye itachukua muda gani kutoka Bogota hadi Buenos Aires, maana Kigoma nilifundisha jiografia. Nikapima kwa kidole kwenye ramani ya ukutani. “Lisaa limoja tu, mama.”

Masaa manne yakapita, simu ya Neema haipatikani. Mpumbavu mimi nikaita watu wa kanisani tuombe. Wakaja na masufuria ya chakula, akina mama wakaangua kilio, nami nikasimama kutoa neno la faraja.

Simu ikaita.

“Mama, ndiyo kwanza tunatua, safari ni zaidi ya masaa sita! Mbona kilio, nani kafa?”

Mama Neema akanikabidhi simu. “Mwalimu, mweleze mwenyewe.”