Mama Kikohozi na Bingwa wa Sindano

Daktari bingwa wetu hajawahi kukosea sindano. Hayo anayasema mwenyewe, na huyasema mara nyingi. Ukitaka kujua sababu, usimuulize yeye. Muulize mama mmoja pale hospitalini ambaye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akikohoa bila kuumwa kifua.

Mama huyo ni fundi wa ultrasaundi. Mimi ni muuguzi wa chumba hicho hicho, kazi yangu kushika trei na kufunga mdomo. Mama hupitisha kichwa cha mashine juu ya tumbo lililopakwa jeli, na daktari huingiza sindano ndefu akifuata picha kwenye skrini, anyonye usaha au achukue kipande cha nyama cha kupima. Hakuna kupasua. Tundu dogo, plasta, mtu anarudi kwake. Kazi nzuri kabisa, mradi mwenye sindano aangalie skrini. Bingwa wetu skrini humchosha. Huitupia jicho mara moja, kisha mkono unaendelea na kazi na mdomo unasimulia safari zake za mikutano.

Na yeye ana sheria yake: fundi hasemi mpaka aulizwe. Hajawahi kuulizwa. Ndipo mama akabuni kikohozi. Kimoja, simama. Viwili, rudi nyuma. Mfululizo, Mungu wangu, umepotea kabisa. Cha ajabu, mkono wa daktari uliyaelewa yote hayo, ingawa kichwa chake hakikuelewa hata moja. Mara mbili alimwandikia mama akapigwe eksirei ya kifua. Mara ya tatu akampa dawa ya mzio. Sisi wengine tukambandika jina Mama Kikohozi, naye akawa anaitika tu.

Siku moja wakaja wageni wakubwa kutoka makao makuu kutazama kazi. Kitandani alilala mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mkondefu, usaha umemjaa kwenye ini, karibu mno na mshipa mkubwa wa damu. Sindano ingeenda pembeni kidogo tu, angevuja damu ndani kwa ndani. Binti yake alisimama mlangoni, viatu vya baba yake amevikumbatia.

Kabla wageni hawajaingia, daktari alimwita mama pembeni, ila kwa sauti ya kutosha sote kusikia.

"Mama, leo sitaki kikohozi chako mbele ya wageni. Meza dawa, ng'ata kitambaa, shauri yako. Ukikohoa tu, natafuta fundi mwingine."

"Sawa, daktari."

Nilipandwa na hasira, na aibu pia, kwa sababu nami nilinyamaza.

Ganzi ikachomwa, sindano ikaingia, na bingwa akawageukia wageni kuwaeleza jinsi jicho lake lilivyozoea. Kwenye skrini ulionekana mstari mweupe. Asiyejua angedhani ncha ya sindano iko pale mstari unapoishia. Mama alijua sivyo. Ncha ilikuwa imeshatoka nje ya picha, iko mahali ambapo hakuna anayepaona, na mkono bado unasukuma. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Nikasema moyoni, kohoa mama, kohoa tu! Hakukohoa.

"Simamisha mkono, daktari."

Bingwa akamgeukia.

"Unasema?"

"Ncha siioni. Na wewe huioni. Usisukume."

Mgeni mmoja akaitazama skrini, kisha akamtazama daktari. Bingwa akacheka kile kicheko cha mtu aliyeteleza mbele za watu.

"Huyu mama yetu ana wasiwasi sana. Mzee, tuendelee, sivyo?"

Mwalimu alikuwa macho, ganzi ilikuwa ya pale pale penye sindano tu.

"Mwache aseme," akajibu. "Tumbo ni langu."

Basi mama akasema. Rudi nyuma. Zaidi. Inamisha kuelekea kwangu. Hapo, naiona. Sasa ingia polepole. Usaha ukaanza kupanda kwenye bomba, mzito, wa rangi ya udongo. Wageni wakapiga makofi, na unajua walimpigia nani. Bingwa akanyoosha shingo ili wampige picha, akaanza kuzungumzia uzoefu, na mkono wa kushoto tayari umeshika pamba ya kuzibia tundu.

Mwalimu hakumtazama. Aligeuza kichwa upande wa mashine.

"Mama, usaha umeisha?"

Mama akasogeza kichwa cha mashine chini kidogo ya mbavu, akatazama bila haraka.

"Bado, mwalimu. Kuna kifuko kingine huku chini. Daktari, weka kando hiyo pamba, shika sindano vizuri."

Makofi yakakatika. Bingwa akaiweka pamba kwenye trei yangu, akainama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaikazia macho skrini.

"Ndiyo, mama," akasema. "Niende wapi?"