Siku Niliamuka mu Matanga Yangu Mwenyewe

Hapa Bunia kuko watu wenye wakiniona wanafunikaka pua na mukono, wanachekea chini, na siwakasirikie, juu ile pamba niliiweka mu pua kwa akili yangu timamu, hakuna mutu alinilazimisha.

Mie naigizaka mu filme za hapa kwetu, zenye rafiki yangu Pato anapigaka na kamera yake moja. Ile wakati nilikuwa nataka kuoa Furaha. Furaha alikubali. Mwenye alikataa ni mama yake, muuza samaki, mama wa kutoka Mahagi, wa misa ya kila asubui, mwenye alisema mutoto yake hataolewa na mutu mwenye kazi yake ni kudanganya watu. Mwaka muzima nilikuwa natuma baba mudogo kuposa, wanamupokea muzuri, anakunywa soda, anarudi na ile ile hapana.

Sasa Pato akatunga filme ya mutu anakufa, na maiti njo mie (nilifurahi, juu maiti hana maneno ya kushika kwa kichwa). Tukapiga mu lupango ya kwetu, ule uwanja wa nyumba, mu kartie ya Mbunya. Seremala akatuazima sanduku, wakanipaka poda, nikajiweka pamba mu pua sawa maiti, nikalala. Pato akauliza: "Tuweke matawi mu barabara?" Munajua kwetu, mutu akikufa wanakata matawi, wanatandika mu barabara mbele ya nyumba, pikipiki zinapunguza mwendo, kila mutu anajua pale kuko matanga. Pato alitaka kamera ione zile pikipiki. Nikajibu toka mu sanduku: "Weka tu." Akauliza kama tuambie majirani. Nikasema hapana, watakuja kujaza mbele ya kamera, tutawaambia kisha. Ile "kisha" njo iliniua.

Nusu saa haikuisha, mama za kartie wakaingia na makaa, na sufuria, na beseni ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wanalia kilio ya kweli, si ile ya aktere zetu wenye wanapakaka kitunguu mu macho. Nilitaka kuinuka, lakini Pato akainama sawa vile ananifunika shuka, akaniambia mu sikio: "Usitikisike! Wanalia muzuri kabisa!" Na mie, mupumbavu, nikabana pumzi. (Haki ya Mungu, ilikuwa utamu kusikia namna nilikuwaka mutu muzuri, jirani mwenye juzi alininyima ngazi yake njo alilia kupita wote.)

Kisha nikasikia sauti yenye sikuitarajia kabisa. Mama Furaha. Aliacha samaki yake mu soko, akakimbia na kiatu moja, akajitupa juu ya sanduku, machozi yake inaanguka mu poda yangu.

"Dieudo, mutoto yangu! Nilikukatalia bure! Ungelikuwa muzima leo, ningekupatia Furaha kwa mikono yangu miwili, hata bila mbuzi za mahari!"

Niambieni, nyinyi mungelala? Mwaka muzima nangojea ile neno! Nikaketi wima mu sanduku, pamba mu pua, nikasema: "Aksanti, Mama!"

Yezu Maria! Viti zikaruka, mama mumoja akapanda ukuta na sufuria mu mukono, na Mama Furaha akarudi kinyumanyuma mupaka akaketi ndani ya beseni ya sombe. Nikamukimbilia (na ile poda, na ile shuka nyeupe, kila hatua yangu njo inazidisha makelele) nikisema: "Mama, usiogope, ni filme tu! Ni filme tu!" Watu wa barabara walishajaa mu lupango, na walipoona kamera wakaanza kucheka. Mama Furaha naye akaiona. Akainuka, sombe inamushuka mu kikwembe yenye alivaa, akaenda zake. Pale niliona haya ya kweli, juu machozi yake haikuwa ya filme, na mie nilifanya wamucheke. Furaha alikaa wiki tatu bila kupokea simu yangu.

Nilimuomba Pato aitoe ile kipande. Akaniambia nimuombe Mungu, yeye hataitoa. Walipoionyesha mu sale ya filme, watu wakapiga mikono mupaka basi, wanauliza ule mama alisomea wapi kuigiza. Mu soko wakaanza kumuita aktrise, wananunua samaki ili tu wamusalimie, na saa sita meza yake iko tupu.

Njo nikapata moyo, nikaenda na baba mudogo, kichwa chini.

"Mama, unisamehe. Nilikosa. Lakini ile neno ulisema mbele ya watu, hata bila mbuzi..."

Akaniangalia polepole.

"Neno gani? Ile ilikuwa filme tu. Si weye mwenyewe ulisema?"

Baba mudogo akacheka mupaka akakohoa. Kisha Mama Furaha akasema: "Mbuzi zifike zote. Na siku ya kuzileta, ukuje bila pamba mu pua."

Baba mudogo njo alielewa wa kwanza kama tumeshakubaliwa.

Mbuzi zilifika zote, na Furaha iko hapa, ananisikia, anacheka. Lakini kulala mu sanduku, mie tena hapana, mupaka ile siku yenyewe. Juzi Pato alikuja kutafuta mutu wa kufa mu filme ingine. Nilimutuma kwa mama mukwe, juu mu hii familia aktere ni yeye.