Neno Langu la Siri Mitaani Singida

Hadi leo nikipita mitaa ya soko pale Singida mjini natazama chini, na mimi si mtu wa kutazama chini, maana nilirudi kutoka Dar na stashahada ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo (hakuna mjomba aliyenishika mkono), nikaajiriwa na Mzee Abeid, mnunuzi wa alizeti, enzi zile biashara zimefunguliwa na kila tajiri anataka kompyuta hata kama hajui inawashiwa wapi.

Faili la maneno ya siri nililifunga asiandike humo mtu yeyote, na taarifa za hitilafu nikazielekeza kwenye printa ya chumba cha mbele, ili wakulima waisikie ikikwaruza wajue ofisi ina mtaalamu.

Wiki haikuisha, fundi cherehani wa jirani akanisalimu, "Vipi, Bingwa wa Nduguti!" Hilo ndilo lilikuwa neno langu la siri (Nduguti ndiko kwetu)! Nikafungua faili, nikaweka "Daktari Mtarajiwa", nikafunga tena. Kesho yake muuza mkaa: "Hujambo, daktari mtarajiwa?"

Nikamshuku kila mwenye macho, mwisho nikamtwika lawama Zulfa, karani aliyekaa nyuma yangu (na aliyecheka kupita kiasi), nikamwambia mzee amfukuze, nikijua mshahara wake ndio unaosomesha wadogo zake.

Mzee akatuita mbele ya wakulima kutoka Mtinko.

"Zulfa, umemchungulia mwenzako?"

"Wallahi mzee, hiyo mashine hata kuigusa naogopa."

"Anadanganya!" nikasema. "Anayecheka vile ana lake."

Mzee, aliyekuwa akitafuna karanga zilizofungwa kwenye kikaratasi, akaacha kutafuna. Akakikunjua kile kikaratasi, akasoma polepole: "'Imeshindwa kuandika kwenye faili. Neno la siri: Daktari Mtarajiwa.' Mwanangu, ndiyo wewe huyu?"

Kumbe kila nikiingia, programu ilitaka kuandika ndani ya lile faili kwamba nimeingia, inakuta nimeifungia nje nayo, inalalamika kwenye printa na kutaja yote niliyoandika. Na karatasi hizo nilikuwa nampa mama wa karanga pale mlangoni afungie karanga za kuuzia mtaa mzima, bila kuzisoma (msomi gani asome takataka?).

Wakulima walicheka hadi wakakaa juu ya magunia.

"Mwombe radhi dada yako," mzee akasema. "Kwa sauti."

Nikaomba. Zulfa akajibu, "Nimekusamehe, Bingwa. Ila ukinituhumu tena, uje na karatasi mkononi."

Nimeapa: kabla sijamtazama mtu kwa jicho baya, nasoma kwanza mashine yangu imesema nini. Ingawa yule fundi cherehani, kwa kweli, bado simwamini.